Nani Alipe Nguo za Askari? Habari za Mji wa Boston, Mwaka 1919

Wasomaji wetu wote wamepata kumwona askari wa polisi amevaa nguo zake za kazi. Tukimwona, mara twamjua, ingawa hatujui jina lake wala kabila lake. Mwizi akimwona hukimbia, na mtoto aliyepotea humwendea. Nguo zile husema kabla mwenyewe hajafumbua kinywa. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza swali hili: nguo zile nani amezinunua? Swali lenyewe laonekana dogo, tena la kawaida. Walakini historia yatueleza habari za mji mmoja mkubwa uliolipuuza swali hili, pamoja na mengine ya namna yake, hata ukapata hasara na msiba katika muda wa siku chache. Mji huo ni Boston, katika nchi ya Marekani, na mambo hayo yalitokea mwaka 1919. Twataka kuyaeleza kwa taratibu, maana yana mafundisho kwa kila aliye na mtumishi, na kwa kila aliye mtumishi.

Kwanza yafaa tujue asili ya sare za polisi. Mji wa London ulipata polisi wake wa namna mpya mwaka 1829, kwa shauri la Waziri Robert Peel, nao walianza kuzunguka njiani tarehe 29 Septemba mwaka ule. Watu wa London waliogopa sana kutawaliwa na jeshi. Kwa sababu hiyo, kwa kuwa jeshi la Uingereza lilivaa makoti mekundu, polisi walipewa makoti ya buluu na kofia ndefu, wapate kuonekana kuwa ni walinzi wa raia wala si askari wa vita. Silaha yao ilikuwa rungu fupi, na kwa kuitana walikuwa na chombo cha mti chenye kutoa mlio mkubwa.

Huko New York, mji mkubwa wa Marekani, polisi walianza kazi mwaka 1845 bila sare, kila mtu na nguo zake, na alama yao ilikuwa nyota ya shaba kifuani. Walipotakiwa kuvaa sare walikataa, wakisema ya kuwa nguo za namna moja ni za watumishi wa nyumbani mwa matajiri, wala hazimfai raia huru. Lakini mwaka 1853 walishurutishwa kuzivaa, na polepole watu wakazizoea. Hivyo ikawa ni neno lililokubalika kila mahali ya kuwa askari sharti ajulikane kwa mavazi yake. Neno ambalo halikukubalika kila mahali ni nani alipe.

Wako waliosema: "Seremala hununua msumeno wake, na mwashi hununua mwiko wake. Kwa nini askari asinunue koti lake?" Maneno haya yana sura ya haki, lakini na tuyapime. Seremala hupanga mwenyewe bei ya kazi yake, na ndani ya bei ile hutia gharama ya msumeno. Tena msumeno ni mali yake kweli kweli: leo ataufanyia kazi ya huyu, kesho ya yule, na akizeeka atamwachia mwanawe. Askari sivyo alivyo. Yeye hapangi mshahara wake, hupangiwa. Na koti lenye alama ya mji halimfai kwa kazi nyingine yo yote. Amenunua kwa fedha zake kitu ambacho faida yake ni ya mji mzima.

Sasa tuingie katika habari za Boston. Mji huu uko katika jimbo la Massachusetts, karibu na bahari, nao una baridi kali na theluji nyingi wakati wa kipupwe. Mtu anayezunguka njiani usiku kucha hawezi kuvaa nguo nyepesi. Basi desturi ya mji ule ilikuwa hivi: askari wa polisi alijinunulia sare na vifaa vyake vyote, na gharama yake ilizidi dola 200. Mshahara wa askari mpya, kwa kipimo cha miaka ile ya vita kuu ya kwanza, ulikuwa dola 730 kwa mwaka wa kwanza, yaani dola 2 kwa siku. Mwaka wa pili alipata dola 821 na senti 25, na baada ya hapo dola 1,000. Ilimpasa afanye kazi miaka sita ndipo afikie dola 1,400.

Hebu wasomaji watufuate katika hesabu hii. Ikiwa mtu hupata dola 2 kwa siku, na vitu vya kazi vyamgharimu zaidi ya dola 200, maana yake ni kwamba kazi ya siku 100 na zaidi ni ya kulipa nguo tu. Miezi mitatu nzima na siku kadhaa amefanya kazi, na kwa muda wote huo hakununua mkate wala hakulipa kodi ya nyumba. Na mwenye mke na watoto, je, wangekula vifungo vya koti?

Wala nguo hazikuwa shida yao ya pekee. Askari wa Boston walifanya kazi saa 75 mpaka 90 kwa juma. Saa walizokaa barazani kutoa ushahidi hawakulipwa. Walitumwa kazi zisizo za polisi, kama kupeleka hati za kodi na kuhesabu watu. Vituo walivyotakiwa kulala vilikuwa 19, na vingi vilikuwa majengo makuukuu yaliyojengwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861. Katika kituo cha Court Street walikuwako watu 135, na vyoo vyao vinne tu, na birika la kuogea moja. Watu walipokezana vitanda, huyu akiondoka kwenda zamu na yule akilala mahali pake.

Tena vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu vyote. Toka mwaka 1913 mpaka Mei 1919 gharama ya maisha iliongezeka kwa 76 katika kila mia, lakini mishahara ya polisi iliongezeka kwa 18 tu katika kila mia. Yaani vitu vilivyonunuliwa zamani kwa dola 100 sasa vilitaka dola 176, na yule aliyekuwa na dola 100 sasa alikuwa na 118. Kondakta wa gari la reli za mjini alimpita askari kwa senti 50 kila siku, na seremala alipata mara mbili ya mshahara wa askari.

Yamkini msomaji atauliza: Wakuu wao hawakuyajua haya? Waliyajua. Lakini palikuwa na kasoro moja kubwa katika utawala wa polisi wa Boston. Toka mwaka 1906 mkuu wa polisi, aliyeitwa Kamishna, aliwekwa na Gavana wa jimbo, naye ndiye aliyewaamuru askari. Lakini fedha za mishahara na za majengo zilitoka katika hazina ya mji, chini ya Meya. Kwa hiyo mwenye kuamuru hakuwa mwenye kulipa, na mwenye kulipa hakuwa mwenye kuamuru. Askari walipoomba kwa huyu walielekezwa kwa yule, na katikati ya mabwana wawili ulikuwapo mfuko wa askari, ambao ndio uliokuwa ukilipa.

Kamishna Stephen O'Meara aliongoza tangu mwaka 1906, naye alikuwa ameruhusu askari wawe na chama chao cha kuletea maombi, ila kisiungane na watu wa nje. Alikufa mwezi wa Desemba 1918. Mahali pake aliwekwa Edwin Curtis, mtu aliyepata kuwa Meya wa Boston miaka mingi nyuma, mkali wa sheria. Askari walikwisha choka kuomba. Katika kiangazi cha 1919 wakataka chama chao kiingie katika ule Muungano mkubwa wa vyama vya wafanya kazi wa Marekani, uliokuwa chini ya Samuel Gompers. Tarehe 11 Agosti Curtis akatoa amri kukataza jambo hilo, akisema ya kuwa askari wa polisi hawezi kutumikia mabwana wawili. Askari wakajiunga vivyo hivyo. Basi Curtis akawashitaki viongozi wao 19, na tarehe 8 Septemba akawaondoa kazini kwa muda.

Hatusemi ya kuwa koti peke yake ndilo lililoleta ugomvi. Ugomvi wenyewe wa siku zile ulikuwa juu ya chama. Lakini mtu hatafuti mtetezi wa nje akiwa amesikilizwa nyumbani. Meya Andrew Peters alikuwa amechagua baraza la raia, na mwenyekiti wake James Storrow, ili kutafuta upatanisho. Baraza lile likatoa shauri jema: askari wawe na chama chao wenyewe kisichoungana na wengine, wasiadhibiwe kwa yaliyopita, na habari za mishahara na hali ya kazi zikaamuliwe na wasuluhishi. Curtis akalikataa shauri hilo. Gavana, Calvin Coolidge, naye hakutaka kuliingilia jambo. Ndipo askari walipopiga kura: 1,134 walikubali kugoma, na wawili tu walikataa.

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 1919, saa kumi na mbili kasa robo jioni, askari 1,117 katika jumla ya 1,544 waliacha kazi, wakatoka vituoni. Giza lilipoingia, watu wakaona ya kuwa njia hazina mlinzi. Mwanzo ulikuwa kama mchezo: wacheza kamari wakakaa hadharani katika uwanja wa mji wakitupa dadu. Kisha mawe yakaanza kurushwa. Madirisha ya maduka yakavunjwa, na watu wakaingia kuchukua viatu, mashati, na cho chote kilichoweza kubebeka. Twafahamu ya kuwa wengi waliofanya hivyo hawakuwa wezi wa kazi. Walikuwa watu wa kawaida ambao jana yake wangeinamisha kichwa mbele ya lile koti la buluu. Koti lilipoondoka, heshima nayo ikaondoka.

Kesho yake Meya akaita askari wa akiba waliokuwa mjini, na tarehe 11 Gavana akawaita waliosalia wa jimbo zima, hata wakafika wapatao 5,000. Hawa walikuwa na bunduki, wala hawakuzoea kazi ya kutuliza raia. Fujo zilikoma, lakini kwa damu. Watu wasiopungua wanane walikufa katika siku zile, na wengi katika hao waliuawa kwa risasi za walinzi hao. Katika waliokufa na walioumizwa walikuwamo watu wasio na neno lo lote na Kamishna wala na askari waliogoma.

Gompers alipoona mambo yamekuwa hivyo, aliwashauri askari warudi kazini. Lakini mlango ulikwisha fungwa. Curtis alitangaza ya kuwa waliogoma hawatarudishwa kamwe, na Coolidge akamwandikia Gompers simu iliyojulikana sana, akisema ya kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kugoma dhidi ya salama ya watu. Kwa maneno hayo jina la Coolidge likaenea katika nchi nzima. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais, na mwaka 1923, Rais Harding alipokufa, yeye akawa Rais. Wale askari, kwa upande wao, walihangaika miaka mingi kuomba warudishwe, wasifaulu.

Sasa twafika kwenye neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Curtis alianza kuandika askari wapya, na wengi wao walikuwa watu waliorudi kutoka vitani Ulaya, wasio na kazi. Je, hawa walipewa masharti gani? Walianza kwa mshahara wa dola 1,400, ambao wenzao wa kwanza waliungojea miaka sita. Waliongezewa siku za mapumziko. Waliwekewa malipo ya uzeeni. Na sare zao na vifaa vyao vyote vililipwa na serikali. Yale yaliyokuwa hayawezekani mwezi wa Agosti yaliwezekana baada ya majuma machache. Lakini waliyoyaomba hawakuyaonja, na walioyaonja hawakuyaomba.

Hata hivyo sare zile hazikupatikana upesi. Mafundi wa chama cha washona nguo cha Marekani walikataa kuwashonea askari wapya, kwa kuwahurumia wale waliofukuzwa. Basi askari wapya wakaanza kazi wakiwa wamevaa nguo zao za nyumbani, katika mji uliojua sasa, kuliko mji wo wote mwingine, thamani ya koti la polisi. Walinzi wa akiba waliendelea kukaa Boston mpaka mwezi wa Desemba.

Na tufanye hesabu ya pili, ndiyo ya mwisho. Kuwavika askari wote 1,544, kwa kiasi cha dola 200 kila mtu, kungaligharimu dola 308,800; tena gharama hii haiji yote kwa mwaka mmoja, kwa kuwa askari wapya huingia wachache wachache. Baada ya mgomo, watu wa Boston walichanga dola 472,000 kusaidia kuwalipa wale walinzi wa akiba. Mchango huo peke yake ulizidi bei ya kuvika polisi nzima. Na hatujahesabu vioo, mali zilizoibwa, wala mishahara mipya. Roho za watu hazihesabiki kwa dola. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Boston haikuziba ufa, ikajenga ukuta, na juu ya hayo ikaziba ufa ule ule.

Tutoe hukumu gani? Sisi twaona ya kuwa walikosa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Askari walikosa kwa kuuacha mji mtupu jioni moja. Mlinzi si kama mwenye kiwanda cha viatu: kiwanda kikifungwa watu watavaa viatu vya zamani, lakini mlinzi akiondoka, wa kwanza kuumia ni mnyonge ambaye hana ukuta wala bunduki. Mwenye duka dogo aliyevunjiwa dirisha hakuwa yeye aliyewanyima askari mishahara. Kosa hilo hatuwezi kulifunika.

Lakini kosa la wakuu lilitangulia, tena lilikuwa na muda mrefu wa kutengenezwa. Walikuwa na miaka, ambapo askari walikuwa na siku moja ya hasira. Na juu ya nguo, shahidi wa askari ni mji wenyewe. Kama ombi lile lingalikuwa la upuzi, lisingalitimizwa kwa watu wengine mara moja. Mtu akimnyima mtumishi wa kwanza kitu fulani, akamfukuza, kisha akampa wa pili kitu kile kile bila kuombwa, amekiri ya kuwa wa kwanza alisema kweli.

Baada ya mambo hayo askari wa Boston walikaa bila chama cha kuwatetea kwa zaidi ya miaka 40, mpaka mwaka 1965 walipokipata. Wala swali la nguo halikwisha katika dunia. Hata leo, katika sehemu kadhaa za Marekani, askari mpya hujinunulia baadhi ya vifaa vyake. Mahali pengine hupewa fedha za nguo kila mwaka, na pengine hupewa nguo zenyewe. Kila mahali penye kupunguza gharama hii yafaa paulizwe: imepungua kweli, au imehamishwa tu kutoka mfuko mkubwa kwenda mfuko mdogo? Na askari mwenye deni, ambaye amekopa ili avae, atakataa kwa nguvu gani rushwa ya kwanza atakayoonyeshwa njiani? Hatusemi ya kuwa umaskini ni udhuru wa rushwa. Twasema ya kuwa si busara kumwajiri mlinzi na kuanza kwa kumtia katika deni.

Wala tusidhani ya kuwa haya ni mambo ya miji mikubwa na serikali tu. Kijiji kikiweka mlinzi wa ghala na kumwambia aje na taa yake, mafuta yake na koti lake la mvua, je, hatukufanya kama Boston? Tukimtaka mwalimu anunue chaki kwa mshahara wake, au mkunga atumie sabuni ya nyumbani kwake, hesabu ya mkutano itaonekana nzuri, na mweka hazina atasifiwa. Lakini gharama iko pale pale. Imejificha tu nyumbani kwa mtu mmoja, na watoto wake ndio wanaoilipa.

Basi, ndugu wasomaji, siku tutakapokutana kupanga kazi ya watu wote, tuisome orodha yetu mara mbili. Mara ya kwanza tuulize: kitu gani chahitajiwa? Mara ya pili tuulize: nani atakilipa? Na tukiona ya kuwa jibu ni yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote, tuirudishe orodha mezani siku ile ile, wakati angali anaomba kwa upole.